Fisi na Milango Mipya ya Jumba la Mvule

Habari hii ni ya wakati ambao wanyama walikuwa wameshachoka na pori, wakahamia mjini, wakajenga majumba na kujifunza kugombania ngazi na kamba za kuanikia nguo. Usiniulize ulikuwa mwaka gani. Simba alikuwa mkuu wa mji, Fisi alikuwa na njaa, na Sungura alikuwa akichungulia mambo yasiyomhusu, kwa hiyo maisha yalikwenda kama kawaida.

Katikati ya mji palikuwa na Jumba la Mvule. Lilikuwa na orofa tatu na vyumba arobaini, na kila chumba kilikuwa na mlango wa mbao ya mvule, mlango mzito hasa, uliounganishwa na mafundi wa zamani bila msumari hata mmoja. Ila jumba lilikuwa limechoka. Vigae vya paa vilikuwa vimeteleza, lipu ilikuwa ikibanduka, na milango ilikuwa imelegea mpaka ikawa inakwaruza sakafu. Masika yaliyopita, familia ya Ngiri ilipanga ndoo saba sebuleni na bado ikaamka imelowa. Sasa masika mengine yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja tu.

Simba akaitisha mkutano uani. Alikuwa ametoka kumtembelea Chui katika mji wa jirani, na huko alionyeshwa jumba jipya la vioo, kila kitu kinang'aa. Tangu arudi alikuwa hali vizuri. Akawaambia wapangaji kwamba jumba lazima litengenezwe kabla ya mvua, na kwamba hataki kuona ndani yake kitu chochote kilichowahi kutumiwa na babu yake.

Sungura alisimama kutoa wazo. Alisema amezunguka jumba zima na fundi Kigong'ota, yule ndege agongaye mbao, wakaangalia kila kitu kimoja kimoja. Vigae vingi ni vizima, vimetoka tu mahali pake. Matofali ni mazuri, chokaa ndiyo imekufa, kwa hiyo yakwanguliwe na kujengwa upya. Milango ipigwe randa na kukazwa. Kifusi kitakachobaki kipondwe, kijaze mashimo ya uani.

"Tuanze na vilivyomo, Mkuu," alisema. "Tukipungukiwa, ndipo tutafute vingine."

Simba alimtazama kama mtu aliyeletewa kiporo mbele ya wageni. Akauliza kama Sungura anataka Chui aje aone mkuu wa mji anaishi katika viraka. Wapangaji wakainamisha macho, kwa sababu nusu yao walikuwa wamevaa nguo zenye viraka.

Hapo ndipo Fisi alipojipenyeza mbele, na nyuma yake mashemeji zake sita. Walikuwa wamejiita wakandarasi tangu asubuhi ile. Fisi alisema yeye anaona aibu kwa niaba ya Mkuu. Milango ile ni taka. Vigae ni taka, na matofali ni taka za kutupwa ng'ambo ya mto, kwenye dampo. Yeye ataviondoa vyote, na kutoka nchi ya mbali ataleta milango arobaini mipya, vigae vipya na matofali mapya, na kazi itakwisha kabla tone la kwanza halijaanguka. Malipo yake yatakuwa vyumba kumi vya chini, vya kuishi yeye na mashemeji. Wapangaji wa vyumba hivyo watajitafutia pengine.

Simba aliishi orofa ya juu, kwa hiyo aliyaona malipo kuwa madogo. Akakubali palepale.

Katika chumba cha nne, orofa ya chini, aliishi Mama Kanga. Wiki ileile alikuwa ameanza kuatamia mayai kumi na mawili. Mwaka wa nyuma alikuwa amehamahama, akapoteza yote, na yeyote aliyewahi kumsikia akilia asubuhi ile hakuwa na hamu ya kumsikia tena. Kanga hawezi kubeba mayai yake kichwani akaenda kupanga chumba kingine. Akiondoka, yanapoa, na hadithi yake inaishia hapo. Alimfuata Fisi mlangoni akamwomba amwachie hata pembe ya chumba mpaka vifaranga watoke.

"Shangazi, mimi sina ubaya," Fisi alimwambia, huku jicho lake moja likiyahesabu mayai. "Siku mlango wa mwisho utakapopokelewa, mimi naingia. Ukiwa bado umo, tutaishi pamoja."

Mama Kanga alikielewa vizuri sana kitu alichoambiwa. Usiku ule hakupata usingizi, na nani angelala?

Kazi ikaanza. Lazima niseme haki: mashemeji walifanya kazi. Waling'oa milango mitano kwa siku, wakaipakia kwenye mikokoteni, wakavuka nayo mto. Vigae vikaondoka, matofali yakaondoka. Siku chache baadaye mikokoteni ikarudi na milango mipya, imepigwa msasa, inang'aa kwa vanishi, na kwenye kila mmoja kumebandikwa karatasi yenye maandishi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyasoma. Simba aliteremka, akaupapasa mmoja kwa kiganja, akafumba macho.

"Hii ndiyo mbao," alisema. "Mbao kama hii hapa kwetu haijawahi kuonekana."

Wapangaji wote wakakubali kwamba haijawahi kuonekana. Siku ile alirudia maneno hayo kwa kila aliyepita, hata kwa Konokono, aliyechukua muda mrefu kupita na hivyo akayasikia mara nne.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Kila alipofika karibu na milango ile, Fisi alijifunga kitambaa puani. Alisema vanishi inamuumiza kifua. Sungura alifikiri, akaona kwamba Fisi huyuhuyu hulala kando ya machinjio na hajawahi kulalamikia kifua.

Ikafika zamu ya chumba cha nne. Mashemeji wawili wakaja kuweka mlango, na yule mdogo hakuwa na kitambaa. Mama Kanga alikuwa juu ya mayai yake, kimya, wakamsahau. Akamwona yule shemeji mdogo akiinusa pembe ya mlango, kisha akiilamba taratibu, kisha akifungua kinywa. Fisi akatokea nyuma, akampiga kofi la kisogo, akamvuta nje kwa sikio.

Sungura alipopita kumletea mtama, Mama Kanga alimsimulia.

"Nimeona mengi katika jumba hili, mwanangu," alisema. "Lakini mlango kuwa chakula, leo ndiyo mara ya kwanza."

Sungura alienda moja kwa moja kwa Kigong'ota akamuuliza ndani ya mlango kuna nini cha kuliwa. Fundi akacheka. Akasema katika mlango mpya hakuna kitu, maana siku hizi watu wanaunganisha kwa misumari na gundi ya dukani, ambayo hata nzi haitaki. Lakini mafundi wa zamani walichemsha mifupa, kwato na ngozi siku nzima mpaka ikawa gundi nzito ya rangi ya asali, na hiyo ndiyo waliyopaka kwenye maungio ya milango. Ya Jumba la Mvule ilikuwa hivyo yote.

Sungura akakaa chini. Akavuka mto siku hiyohiyo kulitazama dampo. Hakukuta hata kigae kimoja. Kulikuwa na maganda ya mapapai na kiatu kimoja cha Punda. Nyuma ya kilima kilicho jirani, hata hivyo, alikuta uwanja umejaa vumbi la msasa na makopo matupu ya vanishi. Fisi alikuwa amefanya kila kitu alichokipendekeza Sungura mkutanoni, hatua kwa hatua, hata kukwangua chokaa kwenye matofali. Tofauti ni kwamba Sungura alikuwa ameitoa akili hiyo bure, na Fisi alikuwa akiiuza kwa vyumba kumi na mayai kumi na mawili.

Alikimbia kwa Simba akamweleza yote. Sasa, Sungura ana akili, lakini siku ile hasira zilimtangulia, akasahau anaongea na nani. Simba alisikiliza mpaka mwisho, kisha mkia wake ukaanza kupiga sakafu.

"Kwa hiyo mimi," aliuliza, "nimesimama mbele ya mji mzima nikasifia mlango wangu mwenyewe?"

Simba akaendelea kwa upole wa kutisha. Alisema mkuu wa mji anajua mbao mpya akiiona, dampo ni tupu kwa sababu taka huchomwa, na mtu akirudia maneno hayo bila ushahidi atafukuzwa mjini pamoja na wapangaji wa chini. Sungura akashuka ngazi masikio yamelala. Alipopita mbele ya chumba cha nne hakuwa na uso wa kumtazama Mama Kanga, akapita upesi, na jambo hilo lilimuuma kuliko vitisho vya Simba.

Asubuhi yake alikuwa ameshapata dawa. Akili ya Sungura huwa haikai mbali.

Hapa sina budi kueleza desturi moja ya mji ule. Nyumba haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka milango yake iogeshwe. Siku ya kukabidhi, wapangaji walikusanyika, mlango ukamwagiwa maji ya moto, na mwenye kazi, uso wazi, bila kofia wala kitambaa, akaweka shavu lake kwenye mbao na kutaja ilikotoka. Ndipo alipolipwa. Siku hizo desturi ilikuwa imelegea. Wakandarasi walinyunyizia maji vuguvugu kidogo, wakagusisha shavu, wakaenda kwenye pilau.

Sungura alimwendea Fisi kwa unyenyekevu mwingi. Alikiri kwamba alikosea, akaomba apewe kazi yoyote siku ya kukabidhi, hata kuchemsha maji. Fisi alifurahi mno kumwona amenywea. Akasema kazi ya jikoni inamfaa kabisa mtu mwenye mikono midogo.

Siku ikafika, saa nne asubuhi, jua kali na mawingu ya kwanza yakikusanyika upande wa milima. Mji mzima ulikuwa uani. Simba alikuwa amechana manyoya. Fisi alikuja na vitanda vyake vipya vya kuingiza vyumbani, akaviegesha mbele ya chumba cha nne, na Mama Kanga alivitazama kupitia dirisha bila kuinuka kwenye mayai. Yalikuwa yamebakiza siku nne kuanguliwa. Siku nne ni nyingi sana ukiwa na Fisi ndani ya chumba.

Sungura na watoto wote wa Ngiri walitoka jikoni na vyungu vilivyofunikwa. Maji yalikuwa yakitokota. Desturi haikusema moto wa kiasi gani, na Sungura alikuwa amechochea kuni tangu alfajiri. Walisimama kwenye kila mlango, orofa zote tatu, mashemeji wakiwa wamepangwa kama walinzi. Simba akatoa ishara, vyungu arobaini vikamwagwa kwa pamoja, na jumba zima likafuka mvuke.

"Uso wazi," Sungura alikumbusha kwa adabu.

Fisi akakifungua kitambaa. Alibana pumzi, akaweka shavu kwenye mlango wa kwanza, akasema upesi, "Mbao hii imetoka nchi ya mbali, mpya, haijawahi kutumika." Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini mwenye kusema lazima avute pumzi, na gundi iliyolala kwenye maungio kwa miaka sitini ilikuwa imepata moto na kuamka. Harufu ya supu ya kwato ilipanda kwenye pua ya Fisi.

Shavu lake lilibaki palepale. Mate yakaanza kushuka kwenye vanishi, na ulimi ukatoka polepole, ukafika kwenye pembe ya mlango, ukarudi, ukatoka tena. Kisha Fisi akafumba macho akauma.

Kwenye orofa ya pili ukasikika mlio kama huo. Kwenye ya tatu pia. Yule shemeji mdogo, ambaye kwa kweli alikuwa amevumilia mwezi mzima, alikuwa ameshafika katikati ya ubao.

Uani kulisikika kutafuna tu.

"Fisi," Simba aliita. "Unakula mlango?"

"Naukagua, Mkuu," Fisi alijibu, mdomo umejaa.

Watu walicheka mpaka Twiga akalazimika kushika ukuta. Simba peke yake hakucheka. Kigong'ota aliruka, akagonga mara mbili kwenye mlango, ungio likafunguka bila kuvunjika, akaonyesha ndani yake gundi ya rangi ya asali. Akasema hiyo ni gundi ya mifupa, na katika maisha yake hajawahi kusikia duka linaloiuza. Mji mzima ukamgeukia Simba, na Sungura akaona mkia ule ukianza tena kupiga chini. Alijua kwamba sekunde chache zijazo ndizo zitakazoamua. Simba akiona aibu, ataivunja milango yote arobaini ili isiwepo ya kumkumbusha, mvua itawakuta wazi, na Mama Kanga atalowa pamoja na mayai yake. Safari hii Sungura aliyapima maneno.

"Mkuu alisema mbao kama hii hapa kwetu haijawahi kuonekana," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na ni kweli. Ilikuwa mbele yetu miaka yote, hatukuiona. Wewe ndiye uliyeiona kwanza."

Simba akalifikiria. Mkia ukatulia. Akaligeuza jambo lile upande huu na upande ule, akaona kwamba upande mmoja lina mkuu wa mji mwenye jicho kali.

"Nilikuwa nangoja tu mtu mwingine atambue," alisema.

Hakuna aliyembishia, kwa sababu walikuwa wakimpenda katika dakika ile na hawakutaka kuiharibu. Simba akaisogelea milango, akalikagua ungio lililofunguka. Akamuuliza Kigong'ota kwa nini mafundi wa zamani walitumia gundi inayolegea kwa moto. Fundi akaeleza kwamba ikipata moto inaachia na ikipoa inashika tena, kwa hiyo mlango unaweza kufunguliwa, kipande kibovu kikatolewa na kingine kikaingia.

"Yaani babu zetu walitengeneza mlango wakijua utaharibika?"

"Walitengeneza wakijua kuna watu watakuja kuutengeneza, Mkuu."

Kisha Simba akatoa hukumu. Vyumba kumi viliahidiwa kwa vitu vitakavyotoka nchi ya mbali, na hakuna kilichotoka nchi ya mbali, kwa hiyo hakuna vyumba. Kwa kupiga msasa na kubeba, mashemeji walistahili chakula cha vibarua. Akatazama pembe za milango zilizotafunwa, akasema chakula chenyewe wameshakula. Mashemeji wakaondoka mmoja mmoja, yule mdogo akiwa wa mwisho, akigeukageuka nyuma.

Wiki ile Kigong'ota na Sungura walifanya kazi bila kupumzika. Walikata pembe zilizotafunwa na kuziba kwa mbao za kabati moja lililovunjika la Nyani. Walipanga vigae vilevile vya zamani juu ya paa, safari hii vikalala sawa. Vipande vya vigae na lipu ya zamani vilipondwa, vikajaza mashimo ya uani, na kwa mara ya kwanza maji yakapata njia ya kwenda badala ya kusimama. Mlango wa chumba cha nne ulikazwa kwanza. Siku ya nne, saa ya chai, Mama Kanga alimwita Sungura aingie polepole, na ndani mlikuwa na vifaranga kumi na mmoja wamelowa, na wa kumi na mbili akipiga ganda kwa ndani. Sungura alikaa pale sakafuni akawahesabu, kisha akawahesabu tena.

Jioni ile masika yakafika, tena kwa fujo. Jumba la Mvule halikuvuja. Simba alipanda na kushuka ngazi akiwagongea wapangaji kuwauliza kama wameona jinsi lisivyovuja.

Mara mlango wa chumba cha nne ukagongwa. Alikuwa Fisi, amelowa chapachapa. Kumbe, kwa uhakika wa kupata vyumba kumi, alikuwa amelibomoa banda lake kando ya mto wiki moja kabla. Mabati, nguzo, mlango, hata jiko, vyote alivisukumia mtoni, kwa sababu aliona haya kuhamia katika jumba jipya na vikorokoro vya zamani. Katika kazi ile nzima, hivyo ndivyo vitu pekee vilivyotupwa kweli. Vitanda vyake vipya navyo vilikuwa vimeng'olewa miguu na mashemeji, waliosema wanamdai shibe.

Mama Kanga alifungua kidogo tu, bawa moja likiwazuia vifaranga.

"Shangazi, nisaidie ubao wowote wa kujifunika," Fisi aliomba. "Hata taka."

Mama Kanga alitazama chumbani kwake, akaangalia kila kitu kwa zamu, kwa moyo safi kabisa, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Kisha akamgeukia.

"Ningekupa, baba," alisema, "lakini humu taka hamna."

Akafunga mlango, ukafunga vizuri. Fisi akashuka mtoni mbio kulitafuta paa lake, akakuta mto umejaa na umeshakwenda nalo.